Degedege Lisiloonekana

Leo tunazungumza juu ya mtoto aliyezimia.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme kidogo sana. Mwaka 1924, mjini Jena, Ujerumani, Daktari Hans Berger alifaulu kuunasa umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu na kuuchora kama mawimbi. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walieleza jinsi wagonjwa 2 waliopooza walivyojifunza kuchagua herufi kwenye kompyuta kwa kutumia mawimbi hayo tu.

Hapa Kenya, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza Kilifi mwaka 1989. Huko, watoto waliozimia kwa malaria ya ubongo walibandikwa waya kichwani. Matokeo ya watoto 65 yalichapishwa mwaka 1996. Zaidi ya nusu yao walipata degedege wakiwa tayari wodini, na wengine hawakutikisika kamwe. Mtu angedhani mtoto amelala, kumbe ubongo unaungua.

Je, dawa ya kuzuia degedege ingetosha? Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa watoto 340 hapo Kilifi. Nusu walidungwa fenobabitoni. Degedege lilipungua, lakini walifariki 30, na kati ya wasiopewa walifariki 14. Kuna waliokata pumzi. Tangu hapo tulifahamu kwamba kutuliza ubongo bila kulinda pumzi ni hatari. Kwa hivyo, usikubali mtoto adungwe sindano ya degedege nyumbani au dukani.

Zahanati haina mashine hiyo, lakini mama ana macho. Mtoto mwenye homa asiyeamka, tazama: macho yamegeukia upande mmoja? Kidole au mdomo unachezacheza? Mate yanamtoka? Anapumua kwa kusitasita? Hilo laweza kuwa degedege.

Mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote, usimmwagie maji. Mpeleke hospitali mara moja, usiku au mchana. Mau yetu ina baridi na mbu ni wachache, lakini watoto huenda Kisumu au Pwani wakati wa likizo. Mwambie daktari mlikotoka.