Umeme Utendao Kazi na Umeme Utembeao Bure

Umeme uliingia pwani yetu kwa mlango wa kifalme. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, alipata jenereta ya kuangazia jumba lake na njia za jirani. Historia ya umeme nchini Kenya husimulia kuwa mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliitwaa mashine hiyo, ikahamishiwa Mombasa. Mwaka 1922 kampuni za Mombasa na Nairobi ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting, ambayo tangu 1983 iliitwa Kenya Power and Lighting.

Taa za zamani zilikuwa wageni wema: kila zilichopokea zilikitumia. Zilipokuja mota, mambo yakageuka. Mota huazima sehemu ya umeme ili kutia sumaku katika nyaya zake, kisha huirudisha ilikotoka bila ya kuifanyia kazi. Wazee wa Kilifi waliokivuka kilindi kwa feri kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991 watauelewa mfano huu. Tuseme nusu ya abiria wanavuka na kurudi bila ya kushuka. Nauli hawalipi, lakini nafasi wameijaza. Sehemu ya mzigo wote ambayo kweli hufanya kazi ndiyo iitwayo uwiano wa nguvu. Ikitenda kazi yote, uwiano ni 1. Mwaka 1893, huko Chicago, Charles Steinmetz alionyesha njia nyepesi ya kuhesabu mikondo ya namna hiyo. Viwanda navyo vikajifunza kufunga kapasita karibu na mota, ili umeme wa kuazima usisafiri mbali.

Kompyuta ilileta ugonjwa mwingine. Zile za mezani za zamani zilichota umeme kwa mapigo mafupi na makali, na uwiano wake ukawa karibu 0.6 au 0.7. Dawa ya mota haiponyi mapigo hayo. Tiba yake hutiwa ndani ya kompyuta yenyewe, katika kisanduku kipokeacho umeme. Tangu 2001 Umoja wa Ulaya uliyawekea mapigo hayo mipaka, na mwaka 2004 Marekani ulianza mpango wa 80 PLUS, udaio ufanisi wa asilimia 80 na uwiano wa 0.9.

Sasa tuingie katika ofisi ndogo ya Tezo, kando ya barabara iendayo Malindi, yenye kompyuta 10 za wati 100 kila moja. Kwa uwiano wa 0.6, zahitaji volti-ampea 1,667, kwa 0.95, hazizidi 1,053. Umeme wa gridi ukatikapo, jenereta ya volti-ampea 1,500 itashindwa na mzigo wa kwanza, na ule wa pili itauchukua. Joto lipotealo katika nyaya nalo katika hali ya kwanza ni mara mbili na nusu ya hali ya pili.

Lakini msomaji asidanganyike. Viwanda vikubwa nchini Kenya hutozwa nyongeza uwiano ukishuka chini ya 0.9, mita ya ofisi ndogo huhesabu umeme uliotenda kazi tu. Kwa hiyo kile kijisanduku kiuzwacho madukani, kisemwacho kuwa kikichomekwa ukutani hupunguza ada, hakitampunguzia mwenye ofisi hata shilingi.

Akiba ya kweli imo katika ufanisi. Kompyuta ihitajiyo wati 65 ndani yake huvuta wati 100 ukutani ikiwa ufanisi ni asilimia 65. Ukiwa asilimia 80, huvuta 81 tu. Wati 19 ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Basi anunuaye kompyuta na asome kibandiko cha kisanduku chake kabla ya kulipa, na aondokaye ofisini jioni aizime. Elimu ya hesabu hii chache ni ngao ya mnunuzi mbele ya muuzaji mwenye maneno matamu.