Tom Mboya: Kutoka Ziwani hadi Bungeni
Nyumba za Ziwani zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa Nairobi. Hapa aliishi Thomas Joseph Mboya (1930–1969), mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji aliyegeuka kuwa mtetezi wa wafanyakazi. Mwaka 1953 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi.

Machi 1957, Waafrika walichagua kwa kura wajumbe wao 8 katika Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni kwa mara ya kwanza. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, kipato, mali au utumishi. Wengine walipewa hadi kura 3, wengi hawakupata hata moja. Mboya, akiwa na miaka 26, alimshinda wakili Argwings-Kodhek na kuiwakilisha Nairobi. Wajumbe hao wote 8 walikataa uwaziri, wakidai viti zaidi vya Waafrika.

Baada ya uchaguzi wa 1963 alikuwa Waziri wa Sheria na Katiba, kisha wa Mipango ya Uchumi. Aliuawa kwa risasi katikati ya jiji tarehe 5 Julai 1969. Sanamu yake, iliyozinduliwa 2011, iko Moi Avenue.