Tarakilishi iliyofunzwa kubagua
Wasomaji, wengi hudhani tarakilishi zilianza kubagua juzi, na hii akili bandia. La hasha.

Mwaka 1979, Dkt. Geoffrey Franglen wa chuo cha udaktari cha St George's, London, alikamilisha programu ya kuchuja maombi ya wanafunzi. Aliirekebisha hadi ikakubaliana na wenzake kwa asilimia 90 hadi 95. Kumbe wenzake walikuwa wakibagua! Jina lisilo la Kizungu liliweza kumpotezea mwombaji pointi 15. Wanawake, 3 kwa wastani. Wahadhiri wawili waliripoti 1986, na 1988 Tume ya Usawa wa Rangi ikakipata chuo na hatia.

Mimi mwandishi wa programu naona hivi: pointi zile ziliandikwa wazi, zikasomeka. Programu za leo za kuchuja waombaji kazi hujifunza zenyewe kutokana na maamuzi ya zamani. Hamna mstari wa kunyooshea kidole. Ndiyo maana tangu 2023 jiji la New York hudai zikaguliwe kila mwaka.

Hapa Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakuruhusu kuomba uamuzi wa mashine pekee uangaliwe upya. Lakini utaombaje, kama hukuambiwa ni mashine iliyokukataa? Waonaje?