Tamaa na Hekima katika Majira ya Noeli: Habari za Uluguru

Neno tamaa, ambalo sisi walimu twalitumia mara nyingi katika mahubiri ya Majilio, lina sura mbili. Mwenye tamaa ni mlafi. Lakini aliyekata tamaa amepotewa na matumaini, wala hakuna amsifuye. Basi lugha yenyewe haishutumu kutaka. Yashutumu kutaka kusikojua mpaka. Na hekima, iliyotujia nayo kutoka Kiarabu, ni ndugu ya hakimu, mkata shauri. Sulemani alipoambiwa aombe lo lote, alikuwa na tamaa kama mtu ye yote. Ila alijua kuichagua.

Katika milima ya Uluguru Noeli huangukia vuli au mwisho wake. Ghala zimepungua, na mavuno yangali mbali. Zamani mvua ikikawia, watu walikwenda Kolelo. Sifa za pango lile zilifika mpaka Uzaramo. Wajumbe walitoka bondeni, wakaenda kwa miguu wakichukua zawadi, ili waombe mvua na kusikia neno. Martin Klamroth, mmisionari wa Berlin aliyekaa Uzaramo, aliandika habari hizo baada ya vita vya Majimaji. Asema kwamba mwaka 1905 neno lililotajwa kuwa la Kolelo halikuwa la mvua tu, bali liliwakataza watu kuwalipa Wadachi kodi.

Safari hiyo tusiidharau. Ibada ile si yetu, hilo lajulikana. Lakini mtu aliyeacha shamba lake akapanda mlima ili asikie neno, yu karibu na Mamajusi kuliko Mkristo anayekesha akihesabu doti za kanga.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Morogoro mwaka 1882, pamoja na Wakristo waliokombolewa utumwani na kulelewa Bagamoyo. Matombo ikafuata mwaka 1897. Wengi wa mapadre wa kwanza walikuwa Wafaransa, na ndiyo sababu Wakatoliki husema Noeli, na wengine Krismasi. Kisha reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907. Bidhaa zilizokuwa zikibebwa kichwani sasa zilikuja kwa gari la moshi, na sikukuu ikaanza kuwa na bei.

Sisemi nguo mpya ni dhambi. Mtoto avaaye shati jipya siku ya Noeli hufurahi, na furaha hiyo si ndogo.

Ila mlimani niliona jambo jingine. Nyumba moja, isiyo ya walevi wala wavivu, iliuza maharagwe ya mbegu ili kununua mchele na nyama, kwa kuwa majirani wangekuja na aibu ni nzito. Sikukuu ikawa njema. Mvua za masika zikaja kwa wakati wake, wala hapakuwa na cha kutia ardhini. Mjomba, ambaye kwa desturi ya Waluguru ana neno juu ya watoto wa dada yake, alileta pishi tatu za mbegu, akaziweka mlangoni, akarudi kwake bila kusema lo lote. Watu walinitazama mimi mwalimu, wakidhani nitaonya. Nilinyamaza, maana siku ile ya Noeli nilialikwa, nikala, nikaongezwa.