Basi la Jioni kati ya Ruangwa na Nachingwea

Ukifika stendi ya Ruangwa jua likizama, nawe unataka kwenda Nachingwea, utaelekezwa kwa bodaboda. Nimeelekezwa hivyo zaidi ya mara moja. Wenye mabasi siwalaumu: abiria watano wa jioni hawarudishi hata gharama ya mafuta. Swali langu ni la kihistoria: ni nani katika nchi hii aliyewahi kuwa na wajibu wa kuwabeba watu hao watano?

Mkoloni alijenga reli. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 uliiunganisha Nachingwea na pwani kwa fedha za walipakodi wa Uingereza. Reli hiyo ilikusudiwa karanga, si Mmwera aliyetaka kuwahi nyumbani. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, chini ya bendera yetu wenyewe, reli iling'olewa kwa hoja kwamba haijilipi. (Hoja hiyo haijawahi kuisumbua barabara yoyote.)

Kilichofuata ndicho kinachonishangaza zaidi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa vijijini. Miaka miwili baadaye, kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam iliyokwisha kutaifishwa iligawanywa, zikazaliwa UDA na KAMATA. Kwa hiyo, usafiri ulipokuwa mali ya umma, Nachingwea haikuwa na halmashauri ya kudai safari ya jioni. Halmashauri zikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Wakati huo Dar es Salaam ilikwisha kuwafungulia mlango wenye daladala. Diwani alirudi kikaoni basi la umma likiwa linatoka barabarani. Wawili hao hawajakutana tangu hapo.

Katika miaka ya 1990 mabasi ya abiria yakazuiwa kusafiri usiku. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2023, na aliyelitangaza bungeni alikuwa Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia mbunge wa Ruangwa. Mabasi ya masafa marefu yalinufaika. Lakini LATRA hutoa leseni na kuidhinisha ratiba. Haimlipi mtu aondoke saa moja usiku na viti vitupu. Ruhusa si ruzuku.

Waingereza walipolegeza udhibiti wa mabasi kwa sheria ya mwaka 1985, waliziachia halmashauri uwezo wa kununua kwa zabuni safari ambazo soko halizitaki, nyingi zikiwa za jioni na Jumapili. Anayelipa pengo hupata sauti juu ya saa ya kuondoka.

Msomaji atasema hatuna fedha. Mbona tayari tunatoa? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vingi vya vijana hununua bodaboda. Huo ni msaada kwa usafiri wa jioni, ila hauna ratiba, na mama aliyeruhusiwa kutoka hospitali alasiri akiwa na kichanga huupanda kwa hofu, au hulala mjini.

Kikundi kimoja kingeweza kukopeshwa kwa ajili ya basi dogo badala ya pikipiki, kwa sharti la safari moja ya saa moja usiku, halmashauri mbili zikigawana pengo la nauli. Ugumu uko kwenye neno "mbili": njia inavuka mpaka, na kila bajeti huishia mpakani.