Nyuma ya Ukuta wa Masanduku: Tarehe ya Wachambuzi wa Barua

Tarehe 1 Novemba 1870 iliandikwa juu ya mfuko wa barua uliotoka Unguja. Barua zilikuwa za kupelekwa kwa mmisionari na msafiri David Livingstone, ambaye wakati huo alikuwa bara na hakuna aliyejua hasa yuko wapi. Msafara uliokabidhiwa mfuko huo ulivuka bahari, ukakaa Bagamoyo karibu siku mia, ndipo ukaondoka. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, aliukuta mfuko umekwama pamoja na mchukuzi wake, Kaif-Halek. Akaongozana naye hadi Ujiji, na barua zikamfikia mwenyewe Novemba 1871, mwaka mzima baada ya kuandikiwa tarehe. Kwenye njia ile hapakuwa na dirisha wala muhuri wa posta. Kaif-Halek peke yake alikuwa ofisi nzima, na anwani yake ilikuwa jina la mtu.

Posta yenyewe Unguja ilianza kwa kusuasua. Serikali ya India ya Waingereza ilifungua ofisi 1868, ikaifunga mwaka uliofuata, ikaifungua tena 1875, na mara hii ikakaa. Katikati ya miaka hiyo Mfereji wa Suez ulifunguliwa (1869), na kuanzia 1872 meli za kampuni ya British India zikaleta barua kutoka Aden kila mwezi. Siku ya meli ikawa ndiyo siku ya kazi: mifuko inamwagwa mezani, barua za Wahindi, Waarabu, Wazungu na Waswahili zimechanganyika, na makarani, wengi wao Wagoa na Wahindi, wanazitenga kwa mwandiko na kwa lugha kabla hata ya kusoma majina. Wafaransa nao walifungua posta yao Unguja 1889, wakaiendesha hadi 1904. Wajerumani walikuwa na ya kwao kwa muda mfupi, 1890 hadi 1891. Kwa hiyo kuna kipindi mji mmoja mdogo ulikuwa na posta tatu, na swali la kwanza la mtu mwenye barua lilikuwa aipeleke kwa bendera gani. Mambo yalianza kutulia 1895, Unguja ilipochukua posta yake na kujiunga na Umoja wa Posta Duniani. Mwaka uliofuata ikatoa stempu zenye sura ya Sayyid Hamad bin Thuwaini.

Bara nako kulikuwa kunafuata. Wajerumani walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo Oktoba 1890. Mwaka huohuo kampuni ya Waingereza iliyotawala Mombasa ikatoa stempu zake. Buganda, mmisionari Ernest Millar alipiga stempu kwa taipureta 1895, bei yake ikihesabiwa kwa kauri. Reli ilipofika Kisumu 1901, barua ziliacha kichwa cha mpagazi zikapanda behewa. Humo garimoshini karani alichambua huku amesimama na sakafu inamyumbisha, kwani mfuko wa stesheni ya mbele ulipaswa kufungwa kabla treni haijapunguza mwendo.

Lakini lililoiunda kazi hii kwetu kuliko meli na reli ni sanduku. London au Berlin, mpelekaji barua hupita mlango kwa mlango. Kwetu barabara nyingi hazikuwa na majina na nyumba hazikuwa na namba, basi mwenye barua alikodi sanduku na kuifuata mwenyewe. Ukuta wa masanduku una nyuso mbili: mbele kuna vijilango vya chuma na kufuli za wateja, nyuma kuko wazi, na huko ndiko anakosimama mchambuzi.

Kazi ina hatua zake. Barua hugeuzwa zote upande mmoja, stempu kulia juu, zikagongwa muhuri. Kisha huja kabati la vishubaka, kila kishubaka na mji wake. Mkono wa kushoto hushika kitita, kidole gumba husukuma barua moja mbele. Jicho husoma kutoka chini, mji kwanza, halafu namba. Mkono wa kulia huitia mahali pake bila macho kuufuata, maana macho yako tayari kwenye barua inayofuata. Kishubaka kikijaa, barua hufungwa kitita kwa uzi na kuwekewa kibandiko. Vitita huingia mfukoni, mfuko hukazwa kamba na kupigwa lakiri, na kila mfuko huandikwa kwenye hati ya safari. Mfuko ukifika na lakiri imeguswa, haufunguliwi mpaka awepo shahidi.

Ufundi haukuishia mkononi. Watu waliandika namba za masanduku kwa kukisia, wakasahau tarakimu au wakaweka jina tupu. Mchambuzi mzoefu alijua kwamba sanduku fulani ni la misheni, lile la kiwanda, na lile la shule linalopokea barua za kijiji kizima. Huko shuleni barua zilichambuliwa mara ya pili: mwalimu aliita majina mstarini, na mtoto akaenda na barua ya jirani ndani ya daftari. Sanduku moja liliweza kubeba ukoo, msikiti na chama cha ushirika. Waliolielewa vizuri ni waliokuwa nyuma ya ukuta.

Kuanzia 1933 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na posta moja, na tangu 1935 stempu moja yenye majina matatu. Ushirikiano huo ulivunjika 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila nchi ikabaki na shirika lake la posta na simu. Tanzania ilitenga posta na simu 1994, Kenya 1999. Hiyo ndiyo miaka ya kadi za salamu: wasikilizaji waliandika orodha ndefu za ndugu na marafiki wakazituma redioni, na S.L.P. 30456 Nairobi, ya shirika la utangazaji la Kenya, KBC, wengi waliijua kwa kichwa.

Kisha simu ya mkononi ikachukua salamu, na M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007, ikachukua fedha zilizokuwa zikienda kwa hundi ya posta. Barua zikapungua, vifurushi vikaongezeka. Meza ya mchambuzi wa leo ina mizani, karatasi za forodha na kisomaji cha msimbopau. Kila kifurushi cha kimataifa kinachofuatiliwa hubeba herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi: R mwanzoni ni rejesta, E ni EMS (huduma ya haraka), C ni kifurushi. Tarakimu ya tisa ni mlinzi wa zile nane. Chukua 12345678: zidisha moja moja kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, ujumlishe, upate 204. Gawa kwa 11, linabaki 6. Toa 6 katika 11, unapata 5. Basi RR123456785TZ ni namba halali, na anayekosea tarakimu moja karibu kila mara hugunduliwa papo hapo.

Hesabu hiyo hulinda namba, haimtafuti mtu. Ndiyo maana nchi zimerudi kwenye anwani, kila moja kwa njia yake. Msimbo wa posta wa Kenya, kama 00100, hutaja ofisi ya posta: barua bado huishia ukutani. Msimbo wa Tanzania hushuka kutoka kanda hadi mkoa, wilaya na kata, na kampeni ya anwani za makazi ya 2022 ilibandika namba kwenye nyumba na majina kwenye mitaa. Mchambuzi aliyezoea masanduku sasa anadaiwa kujua mitaa. Mpaka mitaa hiyo izoeleke, kitu cha kwanza anachotafuta kwenye kifurushi kilichoandikwa vibaya ni namba ya simu. Akiiona, humpigia mwenye mzigo, akamuuliza anapokaa, kisha akaandika jibu kwa kalamu juu ya boksi.