Pauni Moja na Pasi ya Mathe

Pasi ya mathe imekufa. Si ati ilikufa ghafla. Imekufa polepole kwa miezi minne, kila Jumamosi nikiikandamiza juu ya kipande cha bodi yenye shaba, dakika tano, sita, kama mtu anayenyoosha suruali ya kuendea mahojiano ya kazi. Sasa uso wake umeshika tona nyeusi, na juzi ilipita juu ya shati jeupe la kanisani. Kama umelelewa na mama wa Kenya, hiyo hadithi imalizie mwenyewe. Nimemnunulia mpya. Ile ya zamani sasa ni yangu rasmi.

Kwa wageni hapa: mimi hutengeneza PCB nyumbani. Fungua rimoti, chaja, redio, hata ile simu yako iliyoanguka kwa ndoo, utakutana na bodi, mara nyingi ya kijani, yenye mistari ya shaba iliyolala juu yake kama ramani ya matatu. Hiyo mistari ndiyo waya. Bodi yangu ya sasa hudhibiti joto kwenye mashine ya kuangua vifaranga. Mayai ya kuku yanataka nyuzi karibu 37.5 kwa siku 21, na hayana huruma ukikosea. Mjomba amekuwa akiitumia tangu Machi. Jirani yake akaiona. Jirani akamwambia mtu. Huyo mtu akanitumia mkataba wa kurasa sita.

Kabla ya kusaini nikaamua kujua hii kitu ninayouza ilitoka wapi. Nilidhani nitapata kampuni kubwa ya Kimarekani na maabara yenye watu wa makoti meupe. Kumbe ni jamaa mmoja asiye na kazi, kwenye chumba cha kupanga London, akiunda redio.

Anaitwa Paul Eisler. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1907, akamaliza uhandisi mwaka 1930. Wakati mbaya wa kumaliza shule. Uchumi ulikuwa chini, na yeye ni Myahudi katika mji ambao chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa inapanda kila mwaka. Kazi ya uhandisi ikamkwepa. Akaishia kwenye uchapishaji na magazeti. Si hapo wengi wetu tungesema maisha yameharibika? Digrii ya umeme, na uko kwa wino na karatasi. Lakini kule ndiko alikoona jinsi picha inavyohamishwa kwenye bamba la chuma, na jinsi kemikali inavyoweza kula sehemu moja na kuacha nyingine.

Hiyo mbinu ilikuwa ya zamani tayari. Huko Augsburg, Ujerumani, karibu mwaka 1500, Daniel Hopfer alikuwa akipamba deraya za askari kwa asidi, kisha akaanza kutumia mbinu ileile kuchapa picha kwenye karatasi. Rembrandt naye, Amsterdam, miaka ya 1600: unapaka bamba la shaba kitu kama nta, unakwaruza mchoro wako, asidi inaingia pale ulipokwaruza na kuchimba. Kwa Rembrandt mstari ndio unaoliwa. Kwetu sisi wa PCB ni kinyume: mstari ndio unaofunikwa, na kila kitu kingine kinaliwa. Ukiniambia kazi yangu ya Jumamosi ni kama ya Rembrandt sitakukataza.

Eisler akafika Uingereza mwaka 1936. Hana kazi, hana kibali cha kazi. Alikaa kwenye nyumba ya wapangaji mtaani Hampstead, na humo ndani akaunda redio ambayo nyaya zake hazikuwa nyaya bali shaba iliyobandikwa kwenye bodi.

Ili uelewe kwa nini hiyo ni kubwa, fikiria redio ya wakati huo ikoje ndani. Ni fremu ya chuma na waya moja moja, kila moja imekatwa kwa mkono, imekunjwa kwa mkono, imelehemiwa kwa mkono, kutoka sehemu moja hadi nyingine. Inafanana na nguzo za stima za mtaani kwetu, kila mtu na laini yake. Waya moja ikikosewa, redio haiongei, na kuitafuta ni adhabu.

Tuwe wakweli, Eisler hakuwa wa kwanza kuota. Mwaka 1903 Albert Hanson, Mjerumani, aliomba hataza Uingereza ya vipande bapa vya metali kwenye bodi isiyopitisha umeme. Mwaka 1925 Mmarekani Charles Ducas akaomba yake, ya kuchapa njia za umeme. Lakini kuandika wazo na kukaa chumbani ukaunda redio inayocheza ni vitu viwili tofauti. Waulize watu wangu wote wa "bro, niko na aidia ya app".

Akaipeleka redio yake kwa Plessey, kampuni kubwa ya Uingereza. Wakakataa. Sababu, kama alivyoisimulia baadaye, ni kwamba kazi ambayo uvumbuzi wake ungeiondoa ilikuwa inafanywa na wasichana, na wasichana walikuwa rahisi kulipa na rahisi kuhamisha hapa na pale.

Nilisoma hiyo nikaweka simu chini kidogo. Kwa sababu upande mmoja unamhurumia jamaa. Upande wa pili, wale wasichana! Wako kwenye benchi siku nzima na moshi wa risasi usoni, na sababu ya teknolojia kuchelewa ni kwamba mkono wao ni bei ya chini kuliko shaba. Dada yangu alifanya kazi ya kufunga bidhaa kiwandani mwaka jana, najua akirudi alikuwa anashika kikombe vipi. Hakuna mtu aliyewahi kuandika majina ya wale wa redio.

Vita ikaja. Waingereza wakamfunga Eisler kambini kama mgeni kutoka nchi ya adui. Mtu amekimbia Hitler, anafungwa kwa kushukiwa na Hitler. Alipotoka mwaka 1941 akapata hatimaye mtu wa kumsikiliza: Henderson and Spalding, kampuni ya uchapishaji mtaa wa Camberwell. Walikuwa na kampuni ndogo iliyolala, jina Technograph, wakaiamsha kwa ajili yake.

Na hapa ndipo nilianza kutoka jasho. Eisler alisaini mkataba bila kuusoma. Ulikuwa mkataba wa kawaida wa ajira wa siku hizo: hataza yoyote atakayoipata akiwa kazini inakuwa ya kampuni, kwa malipo ya pauni moja. Moja. Ila walimpa pia asilimia 16.5 ya Technograph, kwa hivyo si ati walimvua nguo kabisa. Mwezi wa Februari 1943 maombi ya hataza yakaingia, baadaye yakagawanywa kuwa tatu, yakachapishwa 1950.

Baada ya vita mambo yakakimbia. Mwaka 1949 wahandisi wawili wa jeshi la Marekani, Moe Abramson na Stanislaus Danko, wakaja na njia ya kupitisha miguu ya vifaa kwenye mashimo ya bodi, kisha kuichovya bodi nzima kwenye risasi iliyoyeyuka. Sehemu zote zinalehemiwa pamoja. Ukishawahi kulehemu miguu 40 ya chipu moja mmoja mmoja saa saba usiku, utawaombea hao watu. Kuanzia hapo redio, televisheni, kompyuta, zote zikahamia kwenye bodi.

Technograph ikaenda kortini Marekani kudai haki yake dhidi ya kampuni ya Bendix. Mwaka 1963 mahakama huko Maryland ikaamua kwamba hataza hizo hazisimami, na rufaa ikaanguka mwaka uliofuata. Eisler mwenyewe alikuwa ameshajiondoa Technograph tangu 1957. Aliendelea kubuni hadi uzee, vitu vya kupasha joto hasa, na akafa London mwaka 1992. Kila kifaa ulicho nacho mkononi kina kitu chake ndani.

Kuna Mvienna mwingine kwenye hii stori. Joseph Gerber, alizaliwa 1924, Myahudi pia. Yeye na mama yake walifika Marekani mwaka 1940. Baba yake aliuawa na Wanazi. Huyo akaunda mashine za kuchora kwa usahihi mkubwa sana, na mpaka leo ukituma bodi yako kiwandani, faili wanayokuomba inaitwa Gerber. Mimi nimekuwa nikibofya hilo neno mwaka mzima nikidhani ni kifupi cha kitu fulani.

Sasa, sisi wa nyumbani tuliingiaje? Kwa mlango wa nyuma, kama kawaida. Watu walichora njia kwa kalamu ya wino mzito, wengine kwa rangi ya kucha, wakatumbukiza bodi kwenye kemikali. Halafu printa za leza zikashuka bei, HP ikitoa LaserJet yake ya kwanza mwaka 1984, na mtu fulani akagundua kwamba tona ni plastiki ya unga. Plastiki huyeyuka kwa joto. Na nani nyumbani ana joto bapa? Mathe.

Ndivyo ninavyofanya. Nachora kwa KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras huko Grenoble, Ufaransa. Naenda saiba na karatasi yangu ya gazeti inayong'aa, namwomba yule dada achape kwa tona nzito (alishaacha kuniuliza). Bodi nainunua Luthuli, naisugua kwa stilwaya mpaka ing'ae, naiwekea karatasi, napiga pasi, naitia kwa maji, nasugua karatasi itoke kwa kidole. Tona inabaki kwenye shaba. Kisha feriki kloraidi, maji ya rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, kwenye sahani ya plastiki, kamwe si sufuria. Shaba iliyo wazi inaliwa, iliyo chini ya tona inabaki. Shaba yenyewe ni nyembamba kiasi cha mikroni 35, kwa hivyo kama maji ni ya uvuguvugu na unatikisa sahani, dakika ishirini umemaliza. Glavu, dirisha wazi. Na usimwage kwa sinki! Yale maji yamejaa shaba, yanaua samaki huko chini na yanakula bomba la mwenye nyumba. Yangu yako kwa jeriken yenye maandishi mekundu, nyuma ya mlango.

Bodi yangu ya kwanza haikufanya kazi. Nilisahau kwamba karatasi ikipinduliwa mchoro nao unageuka kama kwa kioo, chipu yangu ikawa na miguu kushoto iliyotakiwa kuwa kulia. Ya pili njia mbili zilishikana. Ya tatu ilifanya kazi mpaka stima ikapotea. Bodi iliyo kwa mjomba ni ya tisa.

Najua mtu ataniandikia "si uagize tu China". Naagiza pia. Dola mbili kwa bodi tano, halafu usafirishaji unazidi bodi zenyewe, na wiki zinapita. Sawa kabisa kama unajua unachotaka. Lakini zile bodi nane za kwanza, kila moja ikikosea kivyake, ningezisubiri miezi.

Turudi kwa zile kurasa sita. Wananipa shilingi elfu arobaini, mara moja. Hakuna asilimia. Halafu kifungu cha saba: kitu chochote cha umeme nitakachobuni kwa miaka mitatu ijayo ni chao. Si hii bodi. Chochote.

Elfu arobaini ni pesa, tusidanganyane. Tuna deni la kodi la miezi miwili na mathe anajua hesabu hiyo kuniliko. Yeye anasema nisaini, bodi nyingine nitatengeneza. Nikamwonyesha kifungu cha saba, akavaa miwani, akakisoma mara mbili, akasema, "Kwa hivyo hata ukinitengenezea pasi ni yao?" Nikamwambia ndiyo mathe, hata pasi. Akanyamaza, akarudi kwa mboga. Mjomba yeye hataki kusikia hayo maneno kabisa, lakini mjomba halipi kodi yetu.

Jumatano nimewarudishia karatasi. Nimekata kifungu cha saba kwa kalamu, nimeandika pembeni kwamba wanachukua bodi hii peke yake, na asilimia kumi ya kila mashine itakayouzwa. Kumi, si 16.5, mimi si Eisler. Mtu wao amesoma ujumbe wangu saa nne na dakika kumi, tiki mbili za bluu, na mpaka naandika hii hajajibu.

Leo ni Jumamosi. Bodi ya kumi iko kwenye sahani, ina nafasi ya betri ya kushikilia stima ikipotea, na kuna njia moja karibu na ukingo ambayo shaba inakataa kutoka. Nitaiongezea dakika tatu.